Je, Wajua? Mtoto Akilala Huwa Mrefu Zaidi

Mtoto yuleyule, siku ileile, akipimwa amelala kwenye ubao huonekana mrefu kuliko akipimwa amesimama. Tofauti ni takriban sentimita 0.7. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa viwango vya ukuaji mwaka 2006 liliweka kanuni: aliye chini ya miaka 2 apimwe amelala, aliyetimiza miaka 2 apimwe amesimama. Ikishindikana, sentimita 0.7 huongezwa au hupunguzwa kabla ya kupiga hesabu.

Si jambo dogo hata kidogo. Mvulana wa miezi 24 huhesabiwa amedumaa akiwa chini ya sentimita 81.0 kwa kusimama. Tuseme alipimwa amelala, akapata 81.4, na aliyejaza fomu hakuandika namna alivyompima. Kompyuta ikidhani alisimama, itampitisha kuwa hana tatizo, kumbe urefu wake wa kusimama ni 80.7. Amedumaa, na hakuna atakayemfuatilia. Kwangu mimi, kile kisanduku cha "amelala au amesimama" kina uzito sawa na namba yenyewe.

Viwango hivyo vilitokana na watoto wapatao 8,440 wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, waliochunguzwa kati ya 1997 na 2003. Wapimaji wawili walimpima kila mtoto, kila mmoja akiandika yake bila kuona ya mwenzake. Urefu ukitofautiana kwa zaidi ya milimita 7, walirudia wote wawili.