Anayepanga Mechi za Shule Anapaswa Kujua Nini

Mwamuzi hupimwa kabla ya kupewa filimbi, na kocha wa soka anayetaka kupanda ngazi hufuata leseni za CAF. Asiyepimwa ni yule mwenye mzigo mzito kuliko wote: anayepanga mechi, anayetafuta gari, anayemjibu mzazi mtoto akivunjika mguu. Katika shule nyingi za Ituri, mashariki mwa Congo, kazi hii humwangukia mwalimu wa mazoezi ya mwili, au mwalimu yeyote kijana aliyewahi kucheza, kwa kuteuliwa na prefe, yaani mkuu wa shule.

Marekani waliifanya kazi hii kuwa taaluma. Chama cha wasimamizi wa michezo ya shule, NIAAA, kilianzishwa mwaka 1977 na hutoa vyeti kwa ngazi. Msimamizi husoma kozi fupi fupi. Kwa cheti cha CAA hufanya mtihani, na kwa CMAA, ngazi ya juu zaidi, hutayarisha mradi wa kazi halisi. Ninachokithamini pale ni uzito wanaoupa wajibu wa kisheria: kupanga safari, kuwasimamia wachezaji, kukagua uwanja, kuandaa huduma ya dharura.

Wajibu huo una sura yake Tchomia, mji ulio kando ya Ziwa Albert. Timu ikienda Bunia hupita Kasenyi, kisha hupanda Bogoro, kutoka usawa wa ziwa, kama mita 620, hadi zaidi ya mita 1,200. Watu wa njia hiyo wameona damu ikimwagika. Tchomia yenyewe ilishambuliwa Mei 2003, na Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Kwa hiyo msimamizi aliyefundishwa huulizia hali ya njia asubuhi ileile, huweka saa ya mwisho ya kurudi, na ana mamlaka ya kuahirisha mechi hata kama wageni wa heshima wameshakaa. Wakisafiri kwa boti ziwani, kila mtoto avae jaketi la kujiokolea. Majaketi yakipungua, wasafiri nao wapungue.

Halafu kuna joto, ambalo kandokando ya Ziwa Albert hushinda la Bunia. Mchezaji anayeanza kuyumba na kusema ovyo huku mwili ukichemka hawezi kungojea pikipiki ya kwenda hospitali. Kanuni ya tiba ya michezo ni hii: mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Azamishwe hadi shingoni ndani ya pipa la maji baridi. Pipa likikosekana, amwagiwe maji mfululizo huku akipepewa. Na aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa harudi uwanjani siku hiyo, awe mfungaji wenu bora au la.

Orodha ya majina ya wachezaji wanaosafiri hudharauliwa kuliko yote. Septemba 2018 Ebola ilithibitishwa Tchomia, wiki chache baada ya mlipuko kutangazwa Kivu Kaskazini. Kila aliyemgusa mgonjwa ilibidi afuatiliwe kwa siku 21, na kazi hiyo husimama juu ya majina. Shule inayojua nani alipanda gari lipi, alilala wapi, na simu ya mzazi wake ni ipi, hujibu papo hapo, isiyojua hukisia. Orodha hiyohiyo hubeba umri. Sheria ya Congo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, lakini familia zilizokimbia vita hupoteza karatasi. Msimamizi ajue kumwelekeza mzazi mahakamani kupata hukumu inayochukua nafasi ya cheti cha kuzaliwa, ili mtoto aliyekimbia asinyimwe mchezo na kijana wa miaka 22 asijipenyeze.

Sioni sababu ya kuingojea Kinshasa. Bunia ina chuo cha ualimu, ISP, na ina wauguzi. Kozi ya wiki moja wakati wa likizo, kwa Kiswahili, ingetosha kuanzia. Mtihani uwe wa vitendo: mwalimu apewe watoto 18, gari moja na majeruhi wa kuigiza, kisha aonyeshe anavyofanya. Cheti kiishe muda baada ya miaka miwili, maana huduma ya kwanza husahaulika. Kikianza kuuzwa, afadhali kisiwepo, kwa sababu mzazi atakuwa amedanganywa kuhusu usalama wa mwanawe. Na jina la mwenye cheti libandikwe mlangoni kwa prefe, pamoja na namba yake ya simu.