Je, Wajua? Mafuta ya Tumbo Hutokea Puani

Je, wajua kwamba mtu akipungua kilo 10 za mafuta ya mwilini, kilo 8.4 kati ya hizo hutoka kwa pumzi? Wengi hudhani mafuta hugeuka jasho, au huishia chooni, au hugeuka kuwa misuli. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walipiga hesabu hiyo na kuichapisha katika jarida la kitabibu la BMJ. Mafuta yakiunguzwa mwilini hugeuka hewa ukaa na maji. Hewa hutoka mapafuni, na kilo 1.6 zilizobaki hutoka kama maji. Ndiyo maana kuvaa koti zito juani au kujifunga mkanda wa kubana tumbo hakuondoi mafuta. Kunakausha maji tu, na maji hayo hurudi mtu akizima kiu yake. Kuhema haraka haraka nako hakusaidii, maana pumzi hubeba kile tu ambacho mwili umekwisha kukiunguza.

Je, wajua kwamba Nachingwea, mkoani Lindi, iliwahi kusikika duniani kwa sababu ya uhaba wa mafuta ya kula? Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa wakipata mafuta kwa mgao. Mwaka 1947 serikali yao ikaanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa matingatinga, reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kula takriban pauni milioni 36, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Leo mafuta ya kukaangia yanapatikana mpaka kwenye genge la kijijini. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, wanga una 4, na pombe ina 7, hivyo hata uraka, pombe ya msimu wa mabibo, uhesabiwe kama chakula. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kilokalori 120. Muhogo uliochemshwa na muhogo uliotoka kwenye karai si chakula kimoja, hata kama vyote vilichimbwa shimo moja.

Ukifika kwenye mashine ya kusaga, tazama kiroba cha pumba kilichoegemezwa ukutani. Humo ndimo mlimoingia ganda na kiini cha mahindi yaliyokobolewa, pamoja na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi zinazomfanya mlaji ashibe mapema na akae muda mrefu bila kuona njaa. Anayetaka sembe nyeupe hulipia kukoboa, kisha hulipia kusaga, na chakula bora kinabaki kwa kuku. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ni ya bei nafuu zaidi na inashibisha zaidi. Mbaazi nazo, ambazo kusini tumezoea kuzitazama kama zao la kuuza India, zina protini inayozidi asilimia 20 zikiwa kavu. India ilipoweka ukomo wa kuziagiza mwaka 2017, bei ilianguka na wakulima wakaumia sana. Nami naona ni haki mkulima wa Kilimarondo, Nachingwea, abakize debe lake la nyumbani kila msimu, soko liwe zuri au baya. Korosho ni tunu pia, ila gramu 100 zake zina zaidi ya kilokalori 550. Ya kutosha ni ile ya kiganja.

Je, wajua kwamba jembe peke yake halimhakikishii mtu kutonenepa? Miongoni mwa Wahadza wa Ziwa Eyasi bado wapo wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, na wanaume hutembea kama kilomita 11 kwa siku. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitoa vipimo vya nishati wanayotumia Wahadza hao. Ukizingatia ukubwa wa miili, haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi kwingine. Kazi na mazoezi hulinda moyo na kushusha sukari, lakini kupungua huanzia sahanini.

Kujinyima kwa kishindo ndiko kunakoumiza. Washindani 14 wa The Biggest Loser, kipindi cha televisheni cha Marekani cha kushindana kupunguza uzito, walipimwa tena miaka sita baadaye. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao iliunguza kama kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa.

Mabadiliko madogo yanayodumu, kinyume chake, yana ushahidi mzito. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwafuata watu 3,234 waliokaribia kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya ugonjwa kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin, kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo 6 tu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, mwendo wa kwenda sokoni bila kupanda bodaboda.

Huna mzani? Chukua kamba, pima urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni, uikate hapo. Ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni, usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na hiyo ni dalili ya mafuta yanayokaa kuzunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo hatari zaidi. Rudia kila mwezi kwa kamba ile ile.

Kuna jambo linalowazuia wengi: kukonda kunatia hofu. Tangu UKIMWI ulipoingia Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980, jirani akipungua watu huanza kunong'ona. Basi waambie watu wa nyumbani mapema unachokusudia, ili mama asikulazimishe kuongeza tonge kwa huruma. Lakini ukipungua pasipo kukusudia, hasa ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, au kiu na mkojo wa mara kwa mara, nenda zahanati upimwe kifua kikuu na sukari.