Mshipi wa Ngozi na Jinsi Ufundi Wake Unavyopatikana

Mshipi wa ngozi huonekana kuwa kitu chepesi kutengenezwa: ukanda mmoja, bizimu moja na matundu matano. Lakini ni kazi chache zinazomfichua fundi upesi kama hiyo. Ashonaye mkoba aweza kulikwepa kovu lililo katika ngozi kwa kukata vipande vidogo pembeni mwake. Mshipi wa mtu mzima wataka ukanda usiounganishwa, wenye urefu wa zaidi ya mita moja, unene ulio sawa toka mwanzo hata mwisho, na kingo mbili zilizonyoka. Kisu kikiteleza, kila atazamaye ataona. Kwa sababu hiyo wafaa sana kuwa somo la kwanza la kijana atakaye kujifunza ufundi huu.

Katikati ya jiji la Nairobi mishipi huuzwa madukani, mikononi mwa wachuuzi wa njiani, na katika Soko la Jiji lililo kwenye barabara ya Muindi Mbingu. (Jina la barabara hiyo lakumbusha habari nyingine ya ng'ombe: Muindi Mbingu ndiye aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 kupinga mifugo yao kuuzwa kwa nguvu.) Lakini atakaye kuona kazi yenyewe ikifanywa na aende Kariokor, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji. Jina hilo ni matamshi ya Waafrika ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Sokoni humo makubazi, mikoba na mishipi hutengenezwa mbele ya macho ya wanunuzi, na kijana mwenye subira aweza kujifunza mengi kwa kutazama tu kabla hajashika kisu.

Jambo la kwanza ni kuchagua ngozi. Ngozi mbichi huoza, na ikikaushwa tu huwa kavu kama ubao. Hapana budi idabighiwe kiwandani. Njia moja ni ya dawa ya kromu. Ngozi hutoka na rangi ya samawati, ikawa laini, nayo yafaa kwa viatu na mavazi. Njia ya pili, iliyo ya zamani zaidi, ni ya maji ya maganda ya miti, hasa muwati, mti wa asili ya Australia uliopandwa sana katika nyanda za juu za Kenya. Ngozi ya muwati ina rangi ya hudhurungi, ni imara, hukubali kupigwa chapa za mapambo, na ukingo wake ukisuguliwa hung'aa. Hiyo ndiyo ifaayo kwa mshipi.

Baada ya hapo ni kujua mahali pa kukata. Ngozi ya mgongoni ni nene na haivutiki. Ile ya tumboni hulegea. Mshipi uliokatwa huko huongezeka urefu kadiri unavyovaliwa, na matundu yake huwa kama mdomo uliopanuka. Ng'ombe wetu wa kienyeji wana nundu, na hapo ngozi haikai sawa, hivyo fundi hutafuta njia ya kupitisha ukanda wake mrefu bila kuigusa. Tena ziko dosari nyingine: chapa ya moto iliyopigwa ubavuni, mikwaruzo ya miiba, alama za kupe, na kisu cha mchinjaji kilichozama mno wakati wa kuchuna. Mbaya kuliko zote ni ngozi iliyoanikwa chini juani. Juu huonekana nzima, kumbe ndani imeungua, na kosa hilo hujulikana imekwisha kutiwa majini kiwandani. Iliyowambwa kivulini katika fremu ya miti, hewa ikipita pande zote, hutoka salama. Basi mfugaji wa Kajiado na mchinjaji wa kijijini huanza kuutengeneza mshipi, au kuuharibu, siku nyingi kabla fundi hajanoa kisu chake.

Kipimo hakitwaliwi kwenye kibandiko cha suruali, maana hicho hudanganya. Yafaa kuupima mshipi wa zamani wa mnunuzi, toka pindo la bizimu mpaka tundu analolitumia. Kama ni sentimita 90, tundu la katikati litakuwa hapo, na mengine mawili kila upande, yakiachana kwa sentimita mbili na nusu. Zikiongezwa sentimita kama 11 za ncha baada ya tundu la mwisho, na 8 za kukunjwa kwenye bizimu, ukanda wote hufika 114. Hukatwa kwa rula ya chuma na kisu kikali. Sehemu ya kukunjwa hupunguzwa unene upande wa ndani, na katikati yake hutobolewa tundu refu la kupitisha ulimi wa bizimu.

Kingo hulainishwa kwa maji na kusuguliwa kwa kipande cha mti au turubai mpaka nyuzi za ngozi zilale, ndipo hupakwa nta. Kwa kushona, fundi hutoboa kwa msharasi, kisha hutumia uzi mmoja uliopakwa nta ya nyuki, wenye sindano katika kila ncha. Sindano zote mbili hupita katika tundu moja, moja ikitoka huku na nyingine kule. Kazi hiyo ni ya polepole kuliko ya cherehani, lakini mshono mmoja ukikatika, ile mingine haifumuki.

Anayejifunza hahitaji vyombo vingi ili aanze: kisu, rula, msharasi, sindano mbili, nyundo ya mti na chuma cha kutobolea. Wengi hujifunza kwa kukaa na fundi. Wako pia wanaosomeshwa vyuoni, kwa mfano Thika, ambako serikali iliweka chuo cha viatu na bidhaa za ngozi.

Taabu yake kubwa haimo katika kushona. Njiani huuzwa mishipi ya bei ndogo iliyotengenezwa kwa masalio ya ngozi yaliyosagwa, yakagandishwa kwa gundi na kufunikwa plastiki, na mnunuzi asiyejua humwona fundi kuwa mwizi anapotaja bei yake. Baada ya miezi michache plastiki hiyo hubanduka kama magamba. Kuutambua si vigumu: utazamwe ukingo na ndani ya matundu. Ngozi ya kweli huonyesha nyuzi zilizosokotana toka juu hata chini. Ile ya bandia huonyesha tabaka, juu plastiki, chini kitu kama karatasi nene. Fundi mwerevu huacha kipande cha kila aina juu ya meza yake, na bei haitaji mpaka mnunuzi amekwisha kuvikunja vyote viwili kwa mikono yake mwenyewe.