Kadi ya mafuta: Punguzo la shilingi chache lisimpumbaze mwenye lori moja

KWA mwenye lori moja au mawili, dizeli ndiyo inayoamua kama safari imelipa au imekula mtaji. Bima hulipwa mara moja kwa mwaka na tairi hununuliwa kwa vipindi, lakini mafuta hununuliwa kila safari. Isitoshe, fedha zake hupita mikononi mwa watu wawili ambao tajiri hawaoni: dereva aliye njiani na mhudumu wa pampu katika kituo cha mbali.

Ndiyo sababu kadi za mafuta, ambazo zamani zilionekana ni mambo ya mashirika na makampuni makubwa, sasa zinawavutia hata wenye Fuso moja wanaosafirisha viazi kutoka Njombe, nyanya za Ilula au vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwenda kwenye masoko ya Dar es Salaam. Kampuni zenye vituo vingi nchini, zikiwemo TotalEnergies, Puma na Oryx, zina kadi za aina hiyo kwa wateja wa biashara. Aidha, vituo vya watu binafsi hutoa punguzo kwa wateja wa kudumu kwa makubaliano ya mdomo na daftari.

Tatizo ni kwamba wengi huchagua kadi kwa kuangalia kitu kimoja tu: punguzo la shilingi ngapi kwa lita. Ukikaa na kalamu na karatasi, utaona kuwa mara nyingi punguzo ndilo faida ndogo kuliko zote.

Punguzo kutoka bei ipi?

Tangu mwaka 2009, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta. Bei hizo hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mji una bei yake kulingana na umbali wake kutoka bandarini. Kituo hakiruhusiwi kuuza juu ya bei hiyo, lakini kinaweza kuuza chini yake ili kuvutia wateja.

Hapa ndipo mtego ulipo. Kampuni ikiahidi punguzo la shilingi 40 kwa lita, swali la kwanza ni: shilingi 40 kutoka bei gani? Kama ni kutoka bei kikomo, na kituo cha jirani kinauza shilingi 50 chini ya bei kikomo kwa mteja yeyote anayelipa taslimu, basi mwenye kadi ananunua ghali kuliko asiye na kadi. Punguzo la kweli ni lile linalohesabiwa kutoka bei iliyoandikwa kwenye bango la kituo siku hiyo.

EWURA huvitaka vituo vyote kuweka mabango ya bei yanayoonekana vizuri, yakionyesha pia punguzo au vivutio vinavyotolewa. Bei kikomo ya kila eneo hupatikana bure kwa simu ya mkononi kwa kupiga *152*00#. Dereva anaweza kutakiwa kutuma kwa tajiri wake bei za mabango ya vituo vinne au vitano vya njia yake. Kazi hiyo haigharimu kitu, na ndiyo mwanzo wa kujua kadi ipi inafaa.

Ni vizuri pia kukumbuka kuwa kadi haimkingi mtu na kupanda kwa bei. Julai 2023 bei kikomo ya dizeli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,544 kwa lita. Agosti ikawa 2,935. Hiyo ni nyongeza ya shilingi 391 kwa mwezi mmoja. Hakuna punguzo la kadi linaloweza kufunika pengo la namna hiyo. Anayekubaliana nauli ya mzigo mwishoni mwa mwezi bila kungoja bei mpya, au bila kuweka sharti la kuirekebisha, amejiweka pabaya, awe na kadi asiwe nayo.

Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano wa lori linalotoka Dar es Salaam hadi Makambako, umbali wa takriban kilometa 650, na kurudi. Jumla ni kilometa 1,300. Kama lori hilo huenda wastani wa kilometa 4 kwa lita moja, litatumia lita 325. Likifanya safari nne kwa mwezi, litakunywa lita 1,300.

Kwa punguzo la shilingi 40 kwa lita, tajiri anaokoa shilingi 52,000 kwa mwezi. Si fedha ya kudharau. Lakini kama kadi ina ada ya mwezi, ada ya kuongeza salio na ada ya taarifa, kiasi hicho hupungua haraka.

Sasa tuangalie upande wa pili. Lori hilohilo likipoteza lita 15 tu kila safari, kwa mwezi zinakuwa lita 60. Kwa urahisi wa hesabu, tukichukua dizeli kuwa shilingi 3,000 kwa lita, hasara ni shilingi 180,000. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya punguzo lote. Kwa hiyo kadi inayozuia upotevu huo, hata kama haitoi punguzo la senti moja, ina faida kuliko kadi yenye punguzo nono lakini haina udhibiti.

Mafuta hupotea kwa njia zinazojulikana. Ipo ya kuandika risiti ya lita 200 wakati zilizoingia ni 180, kisha dereva na mhudumu wakagawana tofauti. Ipo ya kujaza tangi na kidumu pembeni. Na ipo ya kunyonya mafuta usiku gari likiwa limeegeshwa.

Kadi inazuia nini, haizuii nini

Kadi nzuri hufungwa kwa namba ya gari, si kwa jina la dereva. Humwezesha mwenye gari kuweka kikomo cha lita au fedha kwa siku, kuchagua aina ya mafuta, na kuamua ni vituo vipi itumike. Humtaka dereva aweke namba ya siri, na baadhi humtaka ataje kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi. Kila mafuta yanapochukuliwa, mwenye gari hupata ujumbe kwenye simu, na mwisho wa mwezi hupewa taarifa inayoonyesha tarehe, saa, kituo na lita.

Taarifa hiyo ndiyo hazina. Tangi la gari likiwa linabeba lita 200, na taarifa ikaonyesha zimewekwa lita 230 kwa mkupuo, hakuna haja ya mganga. Mafuta yakichukuliwa saa nane usiku mjini Morogoro wakati mzigo ulishushwa Dar es Salaam jana yake, kuna la kuulizana.

Hata hivyo, kadi inaona pampu, haioni tangi. Mafuta yakishaingia kwenye gari halafu yakanyonywa njiani, kadi haitasema lolote. Dawa yake ni kupima kwa tangi lililojaa: jaza hadi shingoni kabla ya safari, andika kilometa, kisha jaza tena hadi shingoni gari linaporudi. Kilometa zilizotembewa zigawanywe kwa lita zilizowekwa katika safari hiyo, zikiwemo zile za njiani na za kujaza mwisho.

Safari zilinganishwe zinazofanana. Lori lililopanda mlima Kitonga likiwa na tani kumi halitakuwa na hesabu sawa na lililopanda tupu, na barabara za mashambani wakati wa masika hula mafuta kuliko lami. Baada ya safari tatu au nne za njia moja, wastani wa kweli utajulikana. Hapo tajiri anaweza kukaa na dereva wakakubaliana lita za njia hiyo, na kinachookolewa wakagawana. Dereva anayepata sehemu yake kwa halali ana sababu ndogo ya kutafuta kidumu.

Lipa kwanza au kopa?

Kadi ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya kulipia kabla, inayofanya kazi kama LUKU: unaweka fedha, unatumia mpaka ziishe. Haihitaji dhamana, na hasara ikitokea haizidi salio. Kwa anayeanza, hii ndiyo salama.

Ya pili ni ya mkopo, ambapo mafuta huchukuliwa sasa na kulipiwa baada ya muda uliokubaliwa. Kwa msafirishaji wa mazao ambaye hulipwa baada ya mfanyabiashara kuuza mzigo sokoni, hii ni nafuu kubwa. Lakini kampuni kwa kawaida hutaka amana au dhamana ya benki, na benki nayo hutoza kamisheni na kutaka rehani. Gharama hizo zote zigawanywe kwa lita za mwezi ndipo zilinganishwe na punguzo. Mtu anaweza kugundua kuwa anapewa shilingi 40 kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa 50 kwa mkono wa kushoto.

Faida nyingine ya kadi huonekana kwa wanaobeba mizigo ya watu. Kwa kawaida mwenye mzigo hutoa sehemu ya nauli mapema ili dereva anunue mafuta, na fedha hiyo taslimu huishia kwenye matumizi mengine. Tajiri akiwa ameshaweka mafuta kwa kadi, nauli inaweza kulipwa kwake moja kwa moja.

Vituo viwe njiani

Kadi yenye vituo mia nchi nzima haina maana kama hakuna hata kimoja pale gari linapohitaji mafuta. Tukirudi kwenye mfano wetu: kituo kikiwa kilometa 8 nje ya njia, kwenda na kurudi ni kilometa 16, sawa na lita 4 au shilingi 12,000. Punguzo la shilingi 40 kwa lita 200 ni shilingi 8,000 tu. Safari hiyo imekula hasara.

Vilevile, vijijini kunakopakiwa mazao kadi za kampuni kubwa mara nyingi hazifanyi kazi. Hivyo msafirishaji huhitaji akiba kidogo ya taslimu kwa ajili ya huko, na kwa siku ambazo mtandao wa kadi umekatika. Akiba hiyo isitumike bila risiti. EWURA huwahimiza wanunuzi kudai stakabadhi inayoonyesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita. Ndiyo ushahidi ikiwa mafuta yatakuwa na kasoro.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Punguzo linahesabiwa kutoka bei ya bango au bei kikomo? Ni katika vituo vyote au baadhi tu? Je, kuna kiwango cha chini cha lita kwa mwezi, na itakuwaje msimu wa mvua gari likilala? Ada zote ni ngapi zikijumlishwa? Kadi ikipotea, inafungwa baada ya muda gani, na mafuta yatakayochukuliwa kabla ya kufungwa atalipa nani? Mkataba unavunjwaje, na salio linarudishwa?

Mwenye gari moja hana nguvu ya kujadili bei, lakini magari kumi yana nguvu. Wamiliki wa njia moja wanaweza kuungana na kwenda kituoni na lita zao za mwezi zikiwa zimeandikwa. Chama cha Wamiliki wa Malori Wadogo na wa Kati (TAMSTOA) ni mahali pa kuanzia kwa wanaotaka kukutana na wenzao.

Kwa anayejaribu, miezi mitatu ya kadi ya kulipia kabla, kwa gari moja, inatosha. Mwisho wake alinganishe kilometa kwa lita, ada na punguzo na miezi mitatu iliyotangulia. Asiyekuwa na kumbukumbu za miezi hiyo aanze na daftari kabla ya kadi, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.