Protini ya panya na dawa ya saratani ya titi: tusichanganye mambo



Neno "panya" likitajwa karibu na neno "dawa", Mwislamu hushituka, na ana haki ya kushituka. Panya tunamjua. Ndiye anayetoboa magunia ya mahindi kuanzia Rulenge hadi Nyakahura, na mkojo wake hueneza maradhi kama homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022. Huyo tumfukuze, na vyakula na maji tuvifunike.

Lakini maneno kwamba "dawa za kansa zinatokana na panya" yakimfanya mama mwenye uvimbe kwenye titi abaki nyumbani, hapo madhara yake yanazidi ya panya mwenyewe. Basi tueleze ukweli ulivyo.

Panya aliingiaje?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa maabara ya Robert Weinberg huko Marekani walichunguza saratani ya chembe za fahamu za panya. Wakakuta jeni iliyoharibika, wakaiita neu. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya chembe hai, yanayoielekeza itengeneze protini gani. Protini ya neu hukaa kwenye utando wa nje wa chembe na kupokea amri ya kukua. Ikiharibika, chembe hukua na kuzaana bila kikomo, nayo huwa saratani.

Mwaka 1985 ilibainika kuwa binadamu naye ana jeni kama hiyo, inayoitwa HER2. Mwaka 1987 Dkt. Dennis Slamon na wenzake walionesha kuwa wanawake ambao uvimbe wao wa titi una nakala nyingi za HER2, ugonjwa wao hurudi upesi zaidi. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, kiasi cha 15 hadi 20 wana aina hii.

Protini ya panya bila panya

Leo watafiti wakihitaji protini ya neu, hawana haja ya kumchinja panya. Huchukua maagizo ya jeni yake, wakayaingiza katika bakteria au chembe zinazokuzwa maabarani. Chembe hizo hutengeneza protini, kisha protini hukusanywa na kusafishwa. Ni mfano wa kunakili hati ya ushonaji ya fundi wa Ngara na kuipeleka Biharamulo: nguo itafanana, lakini fundi wa Ngara hakusafiri. Protini hiyo ni ya majaribio ya maabara tu. Hapewi mgonjwa.

Njia hii si ngeni kwetu. Zamani insulini ya wagonjwa wa kisukari ilitolewa kwenye kongosho la nguruwe na ng'ombe. Tangu mwaka 1982 insulini yenye muundo wa binadamu hutengenezwa kwa kutumia bakteria. Waislamu wangapi wamepata nafuu ya moyo kwa jambo hilo!

Dawa yenyewe

Dawa inayozuia HER2 huitwa trastuzumab. Ilianza kama kinga iliyozalishwa na panya wadogo wa maabara, kisha ikaundwa upya ili sehemu yake kubwa ifanane na kinga ya binadamu. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na tangu 2015 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutengenezwa ndani ya chembe zilizokuzwa maabarani, ambazo asili yake ni hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya. Kisha husafishwa kabla ya kutiwa chupani. Hatufichi hilo. Mwenye dukuduku la kisharia amwulize mwanachuoni anayemwamini, lakini amweleze mambo kama yalivyo, si kama yanavyosimuliwa sokoni.

Dawa hii ni ghali, huweza kugusa moyo, na humfaa mwenye HER2 nyingi peke yake. Kujua hilo kunahitaji kipimo cha kipande cha nyama ya uvimbe.

Ufanye nini?

Mama, jikague. Ukiona uvimbe hata usiouma, ngozi ya titi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, au tezi kwapani, usingoje. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ukipenda kupimwa na mwanamke, omba bila haya. Ukipewa rufaa, Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina huduma ya saratani. Kutoka Ngara unapita Biharamulo na Geita, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa kungoja kivuko.

Nawe baba, nauli ya mkeo ni jukumu lako. Usimwambie asubiri hadi mavuno. Saratani iliyowahiwa ina tiba nyingi. Iliyocheleweshwa huwapa madaktari mambo machache ya kufanya.

Tutafute tiba, kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu. Tukutane toleo lijalo, Inshaallah.