Mwanao amekwama kwenye gemu? Mfundishe kuanguka, kushika na kupumzika

Morogoro. Shule zikifungwa, simu ya mzazi hubadilisha mmiliki. Iwe Kihonda, Mazimbu au Bigwa, mtoto huiomba kwa "dakika kumi tu". Dakika hizo huisha saa nne usiku, macho yamemwiva, chaji imekwisha, na yeye analia kwa sababu mtu wake kwenye gemu ameanguka kwa mara ya ishirini.

Hapo wazazi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaompokonya simu na kumwita mvivu, na wapo wanaomwachia ili nyumba itulie. Njia zote mbili zinamwacha mtoto na tatizo lilelile: hajui amekwama kwa sababu gani, na hajui namna ya kuacha.

Ipo njia ya tatu, nayo ni mzazi kulijua gemu lenyewe. Yako magemu ambayo ukikaa nayo nusu saa unagundua ni somo la fizikia lililovalishwa nguo za mchezo. Mtoto anayejua la kufanya anapokwama hana sababu ya kukesha, na mzazi anayelijua gemu anajua pia ni wakati gani wa kusema "basi, inatosha" bila kuzua vita sebuleni.

Gemu lenye adui mmoja

Mfano mzuri ni Human: Fall Flat. Lilitengenezwa na Tomas Sakalauskas, raia wa Lithuania, kupitia studio yake ya No Brakes Games. Lilitoka kwenye kompyuta mwaka 2016 na kufika kwenye simu mwaka 2019.

Mchezaji anamwongoza mtu anayeitwa Bob. Mwili wake ni laini kama unga uliokandwa na hutembea akiyumba kama mtoto anayejifunza hatua zake za kwanza. Hana bunduki wala nguvu za ajabu, na hakuna damu, adui wa kumpiga wala saa inayomkimbiza. Akidondoka ukingoni, huanguka tena kutoka angani na kutua karibu na pale alipofikia.

Adui wake ni uzito. Milango, mabehewa, mawe, mbao na boti katika gemu hilo vina uzito, vinateleza, vinabembea na kuegemea kama vitu vya kweli. Kazi ya mchezaji ni kutafuta njia ya kutoka, kuanzia kwenye jumba, kisha kwenye treni, mlimani, kwenye majengo ya kubomolewa, ngomeni, majini hadi kwenye mtambo wa umeme. Fumbo moja linaweza kuwa na majibu kadhaa, na hapo ndipo utamu wake ulipo.

Mbinu za kuvuka

*Zunguka kwanza, shika baadaye.* Mtoto akiingia hatua mpya hukimbilia mlango. Mwambie asimame, azungushe macho ya Bob pande zote, kisha akuhesabie vitu vinavyoweza kusogezwa. Mara nyingi kitu kilichowekwa peke yake, kama ubao, sanduku au jiwe, kina kazi yake.

*Ijue mikono.* Kila mkono una kitufe chake, wa kushoto na wa kulia. Mikono hufuata macho: ukimfanya Bob atazame juu, mikono inapanda, akitazama chini, inashuka. Wanaoanza wengi hukwama hapa kwa sababu wanabonyeza kushika huku Bob anatazama mbele, wakati kitu kiko juu ya kichwa chake au miguuni pake.

*Kupanda ukuta: tazama juu, shika, tazama chini.* Ruka huku mikono imeinuliwa, shika ukingo kwa mikono yote miwili na usiachie. Kisha endelea kwenda mbele huku ukitazama chini, na Bob atajivuta hadi juu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa Bob, hata mtaka cha darini hutazama chini. Mtoto akishaijua mbinu hii, nusu ya kilio chake imekwisha.

*Usibebe unachoweza kusukuma.* Bob akinyanyua kitu kizito hupoteza mizani na kuyumba. Sanduku lisukumwe kwa kifua na mikono, au lishikwe pembeni na kuburutwa kinyumenyume. Kitu kirefu kama nguzo kishikwe karibu na katikati, uzito wake ugawanyike pande zote mbili. Ukikishika mwishoni, kinakuzungusha wewe badala ya wewe kukizungusha.

*Tafuta egemeo.* Mlango uliokaza au jiwe lisilosogea linahitaji wenzo. Ingiza ncha ya nguzo kwenye upenyo, kisha sukuma ncha ya mbali. Kadiri unavyoshika mbali na egemeo, ndivyo nguvu inayohitajika inavyopungua. Ndiyo maana bawaba za mlango ziko upande mmoja na kitasa upande mwingine. Mwambie mwanao ajaribu kuufungua mlango wa chumbani kwa kuusukuma karibu na bawaba, ataona tofauti.

*Pembea ina saa yake.* Kwenye kamba au mpira wa kubomolea kuta, kusukuma ovyo huua mwendo. Subiri pembea irudi na ianze kwenda tena, hapo ndipo uongeze nguvu kidogo. Mtoto aliyewahi kumbembeza mdogo wake anaijua kanuni hii tayari, ila hajaambiwa kuwa ni ileile.

*Badilisha kitu kimoja kwa wakati.* Mtoto akishindwa hubadilisha kila kitu kwa pamoja: ubao, mahali pa kusimama na namna ya kuruka. Akifaulu hajui kilichomfaulisha, na akishindwa hajui kilichomwangusha. Muulize kwa upole, "Mwanangu, mpaka sasa umejaribu nini?" Swali hilo peke yake humfanya apange mawazo. Usimpe jibu, na usimnyang'anye simu ili umwonyeshe.

*Ukianguka mara tano mahali palepale, weka simu chini.* Kujaribu jambo lilelile kwa hasira huchosha vidole bila kufundisha kitu kipya. Akili huendelea kupanga mambo hata mtu anapooga, anapochota maji au anapolala. Usingizi ndio unaosaidia ubongo kuhifadhi ujuzi wa siku hiyo, na si ajabu fumbo la jana usiku likafunguka asubuhi kwa dakika mbili.

Kwa nini hataki kuacha

Jibu tunalo hapahapa Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hafundishwi kwa kuchapwa. Akifanya sawasawa husikia mlio mdogo wa "klik", kisha hupewa chakula. Hatua ndogo, zawadi ndogo, kisha hatua nyingine. Mmoja wa waliofunzwa hivyo, Magawa, aligundua zaidi ya mabomu 100 nchini Kambodia na mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza.

Magemu hutumia kanuni hiyohiyo. Kila mlango unaofunguka ni "klik" yake, na ubongo unataka nyingine. Kwa hiyo kumwambia mtoto aache katikati ya fumbo ni kumwondoa mezani tonge likiwa mdomoni. Kubalianeni kabla hajaanza kuwa ataacha akivuka sehemu fulani au muda ukifika, kimojawapo kitakachotangulia. Mpe taarifa dakika tano kabla. Na ukisema basi, iwe basi, hata kama wageni wapo na ungependa watoto watulie.

Macho, shingo na usingizi

Anayetazama kioo cha simu hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana macho hukauka na kuwasha. Wataalamu wa macho hushauri kanuni ya 20: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita au zaidi kwa sekunde 20. Mkazi wa Morogoro ana bahati katika hili. Ukitoka nje ya mlango, milima ya Uluguru iko mbele yako. Mwambie mtoto aitafute minara iliyo kileleni Bondwa, ahesabu taratibu hadi 20, ndipo arudi.

Asicheze akiwa amelala chali simu ikiwa juu ya uso, wala ameinamisha shingo kama anayetafuta sindano. Akae, mgongo uegemee, na simu iinuliwe kwa mto au kitabu. Vidole gumba vikianza kuuma, mchezo umeisha kwa siku hiyo.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Kwa wenye umri wa miaka mitano hadi 17, shirika hilo linasisitiza wastani wa dakika 60 za mwili kushughulika kila siku, kama kukimbia, kuruka kamba au kucheza mpira.

Usingizi usiguswe. Mtoto wa miaka sita hadi 12 anahitaji saa tisa hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa nane hadi kumi. Simu itoke mikononi saa moja kabla ya kulala na ichajiwe chumbani kwa mzazi.

Lipo pia suala la mfuko. Simu hiyohiyo ndiyo pochi ya familia. Namba ya siri ya huduma za fedha isijulikane na mtoto, na ununuzi ndani ya simu uwekewe nywila. Human: Fall Flat ni gemu la kulipia, nakala za bure kutoka mitandao isiyojulikana zinaweza kuingiza virusi vinavyoiba taarifa zako. Aidha, gemu hilo huruhusu kucheza na wengine kupitia intaneti. Mtoto acheze na ndugu au rafiki mnayemfahamu, si mgeni.

Fizikia ya bure iko mlimani

Familia isiyo na simu ya kubeba gemu hilo haijakosa kitu kikubwa. Barabara ya kwenda Morningside haipandi mlima kwa kunyooka, inazunguka. Muulize mtoto kwa nini. Njia ya mzunguko ni ndefu zaidi, lakini kila hatua inadai nguvu kidogo. Ni mbinu ileile anayoitumia Bob anapoegemeza ubao ukutani badala ya kuruka.

Kule Mgeta, wakulima wa mboga wamekata matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali ili maji ya mvua yasishuke kwa kasi na kubeba udongo. Huko nako ni kupambana na uzito, ila tuzo yake ni kabichi na karoti sokoni. Na Rock Garden, ambapo maji hushuka juu ya mawe, mtoto anaweza kuona jani linavyokwenda kasi penye upenyo mwembamba na kupumzika penye dimbwi pana. Awepo mtu mzima karibu, maana mawe yale huteleza kweli, na hapo mtu akianguka harudishwi kutoka angani.

Hata uani panatosha. Chukua ubao, jiwe la kuwekea egemeo na ndoo ya maji. Sogeza jiwe karibu na ndoo, kisha mbali, na mwache mtoto wa miaka saba aone lini anaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja.

Wakati wa kutafuta msaada

Kupenda gemu si ugonjwa. Hata hivyo, WHO imeuingiza uraibu wa magemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mchezaji kushindwa kujizuia, gemu kutangulia kila kitu kingine maishani, na kuendelea kucheza licha ya madhara yanayoonekana, kama kufeli, kutooga, kutokula au kugombana na kila mtu. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 hivi, ingawa ikiwa kali haina haja ya kusubiriwa kiasi hicho.

Ukiziona, usianze na fimbo. Zungumza na mwalimu wake, kisha fika kituo cha afya na kumwona mhudumu au ofisa ustawi wa jamii. Wakati mwingine mtoto anayejificha kwenye gemu anakimbia jambo jingine: uonevu shuleni, ugomvi wa wazazi, au msiba ambao hakuna aliyemweleza vizuri.

Kwa wengine wote, dawa ni kukaa naye. Leo jioni, baada ya kazi za shule, mwombe akufundishe kumpandisha Bob ukutani. Utaanguka, naye atacheka. Mwache acheke, kisha mwambie akuelekeze tena pole pole, maana anayeweza kumweleza mwenzake mbinu kwa maneno ameielewa kweli. Mkishapanda wote wawili, zimeni simu mkale.