Injini ikipumua majini, dereva je?

Msomaji aliyepata kuzuru fuo za Diani au Watamu bila shaka amekwisha kuziona zile pikipiki za magurudumu manne, zenye matairi manene kama mitungi, zikikodishwa kwa watalii. Bara nako, katika ranchi za Laikipia, hutumika kukagulia nyua na mifugo. Hizi zetu, hata hivyo, zimelelewa kwa upole. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani yenye vinamasi, mathalan Louisiana, wakulima, wawindaji na vijana wapendao matope huzizamisha majini hadi kiti kikaribie kulowa, nazo zikaendelea kunguruma. Siri yao ni mabomba ya plastiki, yale yale ambayo fundi wa maji hukufungia bafuni, yaliyosimamishwa karibu na usukani ili injini ivute hewa kutoka juu.

Wenyewe huliita bomba hilo snokeli, neno lililotoka kwa Wajerumani. Wanamaji wa Uholanzi ndio waliolitangulia kwenye nyambizi zao kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940 walilikuta, na baadaye katika vita hivyo wakalifunga kwenye nyambizi zao wenyewe. Kwa hiyo kijana anayekata bomba kwa msumeno nyuma ya nyumba yao anarithi, pengine bila kujua, fikra ya kivita.

Kwani kuna haja gani ya bomba hilo? Jibu ni hesabu ambayo mwalimu yeyote wa fizikia angefurahi kuiandika ubaoni. Chukua injini ya silinda moja yenye ujazo wa nusu lita, ambayo hubana hewa mara kumi. Pistoni ikifika juu, nafasi inayosalia ni takriban sentimita 55 za ujazo. Hewa hukubali kubanwa namna hiyo. Maji hayakubali hata kidogo. Yakiingia maji ya kujaza kikombe kimoja cha kahawa, kile kidogo cha wachuuzi wa Mombasa, pistoni hugota ghafla hali gurudumu zito la injini lingali likizunguka. Konrodi hupinda, na wakati mwingine hutoboa bloku. Kikombe kimoja tu, msomaji, na injini nzima huwa chuma chakavu.

Hesabu ya pili huamua unene wa bomba. Injini hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta hewa mara 3,000, yaani lita 1,500 kila dakika, au lita 25 kila sekunde. Bomba lenye upana wa sentimita 5 kwa ndani huipitisha hewa hiyo kwa mwendo wa karibu mita 13 kwa sekunde. Ukichagua bomba la nusu ya upana huo kwa kubania senti, eneo la tundu halipungui kwa nusu bali hubaki robo, na hewa yapaswa kukimbia mara nne zaidi. Injini itakabwa koo. Kila kiwiko cha bomba nacho huongeza ukinzani, na ndiyo maana fundi mwerevu hutumia viwiko vichache iwezekanavyo.

Kazi yenyewe huanzia chini ya kiti, kwenye sanduku la kichujio cha hewa. Bomba huunganishwa na mdomo wa sanduku hilo kwa mpira na klipu ya kukaza, likapandishwa, na ncha yake ikainamishwa ili mvua isiingie. Wengi huishia hapo wakajisifu, na hapo ndipo wanapoponzwa. Sanduku hilo aghalabu huwa na kitundu cha kutolea unyevu, chini kabisa. Kisipozibwa, bomba la juu ni pambo tu. Kisha pikipiki nyingi za aina hii huendeshwa kwa mkanda uliomo ndani ya kasha lenye mlango wa kuingiza hewa ya kuupoza na mlango wa kuitoa. Mkanda ukilowa huteleza, injini ikapiga kelele na magurudumu yakasimama katikati ya tope. Ndiyo sababu mabomba huwa matatu. Isitoshe, difu nayo ina kijirija cha kupumulia. Ikiwa moto ikazama ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji ndani, na baada ya siku mbili tatu oili hutoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Jaribio la mwisho halihitaji chombo chochote cha maabara. Washa injini pakavu, uzibe mdomo wa bomba kwa kiganja. Injini ikizimika mara moja, viungo vyote vimezibika. Ikiendelea kunguruma, basi inapumulia mahali pengine, na hapo pengine ndipo maji yatakapopitia. Sijui kama kuna somo la shinikizo la hewa lililo fupi na fasaha kuliko hilo. Ajabu ni kwamba mafundi wetu wa jua kali wanazo akili na nyenzo za kutenda haya yote, na shule iliyo umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye vibanda vyao huendelea kufundisha ukinzani na ujazo kwa picha za vitabuni.

Lakini mimi sina raha na bomba hili. Mdomo wake mrefu humdanganya dereva kwamba kina chote kilicho chini yake ni halali yake. La hasha! Pikipiki ya kilo 300 huelea mara inaposukuma kando lita 300 za maji, na yale matairi mapana yaliyojaa hewa huifikisha huko mapema. Magurudumu hupoteza mshiko huku injini ikipumua vizuri kabisa. Maji yaendayo kasi ni balaa zaidi, kwani mwendo wake ukiongezeka maradufu, nguvu zake huwa mara nne. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 hivi huweza kulichukua gari dogo, na yenye sentimita 60 huyachukua magari mengi. Mnamo Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilipinduka katika mto Enziu, Kaunti ya Kitui, wakafa watu zaidi ya 30. Bomba la hewa lisingewafaa kitu.

Madereva wakongwe wa kaskazini hufika kwenye laga iliyofurika, wakazima injini, wakamtuma utingo apime kwa fimbo pale ukingoni, au wakaketi kivulini kungoja maji yapungue, jambo ambalo mara nyingi huchukua saa chache tu. Ningekuwa fundi wa kufunga mabomba haya, singemkabidhi mteja chombo chake kabla ya kukipaka mstari mwekundu ubavuni, kwenye kimo cha ekseli, chini mno ya mdomo wa bomba, na kumwambia kwamba huo ndio mwisho wa safari yake majini.